Panya weusi, kemikali moja, kingamwili kibao

Shikamoo daktari. Ulisema kemikali ndogo haiamshi kinga peke yake. Sasa panya wa maabara wanachanjwaje nayo?

Marahaba. Inabandikwa kwenye protini, mfano ile ya ute wa yai la kuku. Kemikali ya namna hiyo tunaiita hapteni. Ikiwa peke yake, seli B, yaani seli ya kinga inayotengeneza kingamwili, inaishika lakini haipati msaada wa seli T, seli nyingine ya kinga, basi mambo yanaishia hapo.

Kwa nini wasitumie kirusi tu?

Kirusi kina sehemu nyingi za kushikwa, hivyo kingamwili zinazotoka ni vurugu tupu. Hapteni ni ndogo na umbo lake linajulikana hadi atomi ya mwisho.

Kwa hiyo panya anatoa kingamwili ya aina moja?

Hapana, na utamu uko hapa. Chukua hapteni iitwayo NP. Wachanje panya weusi wa ukoo wa C57BL/6: kingamwili huundwa na minyororo ya protini, mizito na myepesi, na mwanzoni nyingi huwa na mnyororo mwepesi wa aina ya lambda, ingawa katika damu ya panya lambda kwa kawaida ni kama asilimia 5 tu. Mnyororo mzito nao hutoka zaidi kwenye jeni moja, VH186.2. Panya wa vizimba tofauti, wasiowahi kuonana, wanaangukia jeni ileile!

Halafu seli B zinaanza kubadili herufi za jeni zao. Mabadiliko mengi ni hasara. Ila kwenye mnyororo mzito, triptofani ya nafasi ya 33 ikigeuka lusini (zote ni asidi amino, matofali ya protini), kingamwili hushika NP kwa nguvu takriban mara 10. Na kituko ninachokipenda: zile za mwanzo hushika NIP, yaani NP iliyoongezewa iodini, kuliko NP yenyewe iliyotumika kuchanja.

Jeni za kutosha kingamwili zote hizo anazitoa wapi?

Hana. Mwaka 1976 wanasayansi Hozumi na Tonegawa, wakiwa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba vipande vya jeni husogezwa na kuungwa upya ndani ya seli B. Tonegawa alipewa Nobeli 1987.

Nilipakwa piko harusini, mkono ukatoka malengelenge. Nayo ni hapteni?

Pole, dada. Piko nyingi huwa na PPD, kemikali ya rangi ya nywele, ambayo hubadilika na kujibandika kwenye protini za ngozi. Ila hapo zinazokasirika ni seli T, si kingamwili. Ndiyo maana malengelenge huchukua siku moja au mbili kutokea. Usipake tena, na mwambie msusi wako kabla hajagusa chupa ya rangi nyeusi.