Maswali ya Wasomaji: Tovuti ya Mpiga Picha za Sanaa

Barua za safari hii zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega, Kericho, Bungoma na Homa Bay. Zote ni za wapiga picha za sanaa wanaojitengenezea tovuti.

Nina picha 140 za ufukwe wa Dunga: wavuvi, mashua, na gugumaji linapofunika maji. Ninazipenda zote. Niziweke zote? – Msomaji, Nyalenda, Kisumu

La, ndugu yetu. Hilo ni ghala, na mwenye nyumba ya sanaa hana haja ya kupekua ghala. Tengeneza misururu miwili au mitatu, kila mmoja wa picha 12 hadi 20, zilizobaki zikae kwenye diski.

Usizigawe kwa vitu vinavyoonekana. "Wavuvi", "Mashua" na "Gugumaji" ni vichwa vya mtu anayeuzia watengeneza kalenda. Msururu wa sanaa hushikwa na wazo moja. Kwa mfano, gugumaji linapoziba njia ya mashua, mvuvi hufanya nini na saa zake? Wazo hilo litachukua picha ya mvuvi, ya nyavu zilizoanikwa na ya maji yenyewe, na litazikataa picha nyingi nzuri ambazo hazina la kusema hapo.

Kuchuja kwa macho kwenye skrini ni kazi ngumu. Zichapishe ndogo, sentimita 10 kwa 15, karatasi ya kawaida ya studio inatosha, uzitandaze sakafuni. Picha mbili zikisema jambo moja, iliyo dhaifu itoke, hata kama ndiyo uliyoamkia saa kumi alfajiri. Kisha panga mfuatano. Ya kwanza isiwe lazima nzuri kuliko zote. Iwe ile inayomfanya mtu atake ya pili. Epuka picha tatu mfululizo ambazo mstari wa ziwa unapita pale pale katikati.

Mfuatano huo ujaribu kwenye simu, si kwenye laptopu peke yake. Picha mbili ulizoziweka ubavu kwa ubavu zitapangwa moja chini ya nyingine, na maongezi yake yakapotea. Picha pana ya ufukwe, yenye upana mara tatu ya kimo chake, kwenye simu ya upana wa pikseli 360 za mpangilio wa ukurasa itabaki na kimo cha 120, kama utepe. Ya namna hiyo iruhusu ifunguke ikiguswa, mtu aigeuze simu.

Kila msururu uwe na maelezo ya maneno 80 hadi 150, na chini ya kila picha jina, mahali, mwaka na ukubwa wa nakala. Kurasa nyingine ni mbili tu: Kuhusu na Mawasiliano. Kama unapiga harusi, zitafutie tovuti yake. Harusi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, hatuzidharau, lakini zikikaa na kazi ya sanaa, kila moja huiharibia mwenzake.

Heroe wangu wa Ziwa Nakuru wana waridi kali kwenye laptopu. Nikiwapakia kwenye tovuti ya WordPress wanafifia, picha zinakosa makali, na zile za ukungu zinatoka mistari angani. Tena zinachelewa kufunguka. – Msomaji, Section 58, Nakuru

Hizo ni kasoro nne, na kila moja ina mzizi wake.

Waridi kwanza. Yaelekea unahariri katika mfumo wa rangi wa Adobe RGB, wenye rangi nyingi kuliko sRGB ambao ndio kawaida ya intaneti. Picha hubeba ndani yake wasifu wa rangi unaokieleza kivinjari namna ya kuzisoma. WordPress, programu inayoendesha tovuti yako, inapotengeneza nakala ndogo, kwenye baadhi ya seva wasifu huo hutupwa. Kivinjari hubaki kudhani kwamba hiyo ni sRGB, na heroe wako wanakuwa wa kijivujivu. Unapoitoa picha kwenye programu ya kuhariri, igeuze iwe sRGB na wasifu uachwe ndani. Tunasema igeuze: programu nyingi zina pia amri ya kubandika wasifu mpya bila kugusa namba za rangi, na hiyo itakuharibia zaidi.

Uzito. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, na JPEG yake, yaani faili ya picha iliyokandamizwa, hufika megabaiti 10 bila shida. Kumi na tano za namna hiyo ni megabaiti 150, bando la mtu limeshaisha. Punguza upande mrefu uwe pikseli 2000, ubora wa JPEG uwe 80 kwa 100, na nyingi zitashuka hadi kilobaiti 300 au 600. Makali yaongeze baada ya kupunguza, maana kupunguza kwenyewe hulainisha picha.

Sasa makali yanayopotezwa na WordPress yenyewe. Tangu toleo la 5.3, la 2019, picha inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa bila kuulizwa. Pia hutengenezwa nakala kadhaa, zikiwemo za pikseli 150, 300 na 1024, na JPEG hizo hukandamizwa upya kwa ubora 82. Kiolezo (theme) cha tovuti yako kikichukua ile ya 1024 na kuitandaza kwenye skrini ya 1900, makali yataenda wapi? Kwenye mpangilio wa picha chagua ukubwa kamili. Na ile ya 150 hukatwa mraba, shingo za heroe zikaishia nje. Ondoa alama ya kukata kwenye mipangilio ya media, halafu tumia programu-jalizi ya kutengeneza nakala upya, kwa sababu mipangilio mipya haizigusi picha zilizokwisha kupakiwa.

Mistari angani hutokana na JPEG kuwa na ngazi 256 tu kwa kila rangi. Anga la ukungu hupita kutoka kijivu hadi kijivu kwa ngazi chache mno, na ukandamizaji huzibomoa zionekane kama vidato. Hariri kutoka RAW, faili ghafi ya kamera, kwa biti 16, ongeza chembechembe kidogo sana mwishoni, na picha hiyo peke yake ipe ubora 90. Itakuwa nzito, iache.

Mandharinyuma meusi au meupe? – Msomaji, Kakamega

Picha ile ile huonekana yenye giza zaidi juu ya nyeupe na angavu zaidi juu ya nyeusi. Picha za ndani ya msitu zina vivuli vingi, na juu ya ukurasa mweusi kingo zake humezwa, mtu asijue picha inaishia wapi. Chukua nyeupe iliyopunguzwa kidogo, msimbo wa rangi F5F5F5, tovuti nzima. Muziki usiweke.

Ninapiga wachuma chai. Ninaogopa kuibiwa, niandike jina langu katikati ya picha? – Msomaji, Kericho

Usiandike. Atakayeumia ni mnunuzi, na mwizi atalifuta. Kuzuia kubofya kulia nako hakusaidii, simu hupiga picha ya skrini kwa kugusa mara moja. Kinga yako ni ukubwa: pikseli 2000 zikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa sentimita 17. Hiyo ni kadi, haitundikwi ukutani kwa bei ya sanaa. Jina lako na anwani viandike kwenye taarifa za ndani ya faili, ila alama za GPS zifute kama zinaonyesha makazi ya mtu.

Hakimiliki ni yako tangu picha inapopigwa, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, isipokuwa kama uliajiriwa au ulilipwa kuipiga: hapo huwa ya aliyekuajiri au aliyekuagiza, ila kama mlikubaliana vingine. Kuisajili KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, si lazima, lakini mkizozana cheti ni ushahidi mzuri. Sisi linalotutia wasiwasi zaidi ni wachuma chai wenyewe. Sura inayotambulika ni data ya mtu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Beba fomu fupi ya idhini kwa Kiswahili, inayotaja tovuti na uuzaji wa nakala, isainiwe, uitunze pamoja na faili ya picha.

Fundi alinisajilia jina la tovuti kwa jina lake. Ni shida? – Msomaji, Bungoma

Ni shida siku mtakapokosana, au siku atakaposahau kulipia mwaka. Dai uhamisho sasa mkiwa mnaelewana: jina lako, barua pepe yako, neno la siri lako. Kama unaanza upya, .me.ke imetengwa kwa tovuti za watu binafsi, na .co.ke nayo inakubalika kwa anayeuza.

Niweke duka na bei kwenye tovuti? – Msomaji, Homa Bay

Duka lenye kikapu ni mzigo kwa anayeuza nakala chache. Weka bei wazi, fomu ya kuulizia, na ukikubaliana na mnunuzi mpe namba yako ya till ya M-Pesa. Idadi ya nakala itangaze kabla ya kuuza ya kwanza, tuseme 10 kwa jumla, ukubwa wote ukihesabiwa pamoja, na usiiongeze kamwe. Kila moja iandikwe namba, 3/10, na sahihi yako kwa penseli.

Faili ya pikseli 6000 kwa nukta 300 inafika sentimita 50, hivyo A3 ni salama. A2 itashuka hadi nukta 256 hivi, bado nzuri kwa picha ya kutazamwa umbali wa hatua moja. Fremu na usafiri vitoze kando. Na usitume kioo kwa basi hadi Nairobi. Viringisha picha na karatasi laini isiyo na asidi, itie ndani ya bomba la plastiki la inchi 4 linalouzwa duka la vifaa vya ujenzi, ziba pande zote mbili, fremu ikatengenezwe huko huko.