Mdukuzi aliyenifundisha kuipenda penseli

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mpenda teknolojia yupi aliyebadilisha mawazo yako kuhusu sayansi, sheria na jamii?" Najua mtapokea barua nyingi za kuwasifu matajiri wa California. Mimi nawaletea Mholanzi ambaye hakuwahi kuniuzia kitu. Anaitwa Rop Gonggrijp, mtu wa Amsterdam, mzaliwa wa 1968. Hizo "g" za jina lake msihangaike nazo. Naishi Rotterdam mwaka wa kumi na saba sasa, nikitokea Mombasa, na bado zinanikwaruza koo.

Niwaambie kwanza huyu bwana si adui wa mashine, maana nitakayoyasema baadaye yanaweza kuwapa picha hiyo. Mwaka 1989 alianzisha jarida la wadukuzi, Hack-Tic, lililowafundisha wasomaji jinsi simu na kompyuta zinavyofanya kazi, mpaka kwenye yale ambayo wenye mitambo wasingependa yajulikane. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakafungua XS4ALL, moja ya kampuni za mwanzo kabisa kuwafikishia Waholanzi wa kawaida intaneti nyumbani. Baadaye alishiriki kutengeneza simu zisizoweza kusikilizwa na mtu wa kati. Kompyuta ndiyo chakula chake.

Sasa mchukueni mtu huyo mumpeleke kituo cha kupigia kura, mwaka 2006.

Wakati huo karibu Uholanzi nzima ilikuwa ikipiga kura kwa kubonyeza vitufe. Mashine nyingi zilitoka kampuni ya Nedap, ya mji mdogo wa Groenlo mashariki mwa nchi, na watu walikuwa wamezizoea kiasi kwamba hakuna aliyeziuliza swali. Amsterdam ilichelewa. Ilibaki na karatasi mpaka uchaguzi wa manispaa wa Machi 2006, nayo ikahamia kwenye kompyuta. Mpenda mashine mwingine angefurahi kuona jiji lake limeamka. Gonggrijp alikasirika. Akakusanya wenzake, wakaunda kikundi ambacho jina lake la Kiholanzi ukilifasiri ni "Hatuziamini kompyuta za kura". Jina lenyewe ni hoja, huhitaji kusoma katiba yao.

Wakapata mashine za Nedap, wakazifungua juu ya meza. Oktoba mwaka huo televisheni ikaonyesha walichokikuta. Chipu zenye programu ya kuhesabu ziling'oleka na kubadilishwa kwa dakika tano hivi, na mashine yenye chipu hizo mpya iliiba kura huku kwa nje ikionekana mtiifu vilevile. Ufunguo wa mashine moja ulifungua nyingine, na ulikuwa ukiuzwa kwa bei ya kikombe cha kahawa. Mtu wa upande wa watengenezaji alikuwa amedai kwamba kifaa hiki kimeundwa kwa kazi ya kura tu, na kwamba angependa aone kikicheza sataranji. Basi wakakifundisha sataranji. Kikacheza.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu ndani ya tramu. Lakini kilichonifanya nifunge simu nifikiri ni jambo jingine, dogo sana. Chama cha CDA, cha Wakristo wa Kidemokrasia, jina lake refu linaishia na neno Appèl, lenye kialama juu ya "e". Skrini ya mashine ilipoandika herufi hiyo, ilibadilisha mwendo wake wa kuonyesha, na mabadiliko hayo yakatoka hewani kama mawimbi ya redio. Mtu mwenye kipokezi cha kawaida, akiwa mita kadhaa kando, angeweza kujua kwamba aliye ndani ya kibanda anaichagua CDA. Kura ya siri inavuja kwa sababu ya mkwaju mmoja juu ya irabu! Mimi niliyefundishwa kwamba siri ya kura inalindwa na pazia, niligundua siku hiyo kwamba pazia halizuii kila kitu.

Sheria ikaanza kukimbia nyuma ya sayansi, kama kawaida yake. Kampuni ya pili, Sdu, ndiyo iliyokuwa na mashine za Amsterdam na manispaa nyingine kadhaa, na zake zilivujisha mawimbi vibaya zaidi. Tarehe 30 Oktoba 2006, wiki tatu tu kabla ya uchaguzi wa bunge, waziri akazifutia kibali. Novemba 22 Amsterdam ikarudi kwenye penseli. Mwaka uliofuata tume iliyoongozwa na Frits Korthals Altes ikatoa ripoti kuhusu namna ya kuendesha uchaguzi, na kufikia Mei 2008 serikali ilikuwa imeamua kwamba nchi nzima irudi kwenye karatasi na penseli nyekundu. Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani nayo ikaamua kwamba kutumia mashine hizohizo za Nedap katika uchaguzi wao wa 2005 kulivunja katiba, kwa kuwa mwananchi lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa na utaalamu wowote wa pekee.

Hapo ndipo penye jibu langu. Watu wengi waliposikia udukuzi ule walisema: basi tengenezeni mashine bora, wekeni kufuli imara, chipu isiyong'oleka. Gonggrijp na wenzake walikwenda mbali zaidi. Hata mashine isiyo na kasoro inampokonya mpiga kura kitu alichokuwa nacho, yaani uwezo wa kusimama pale akaona kwa macho yake. Baada ya hapo itabidi amwamini mhandisi, na mhandisi amwamini aliyeandika programu, na huyo amwamini aliyetengeneza chipu. Mpaka siku ile mimi nilikuwa nauliza swali moja tu juu ya teknolojia ya serikali: inafanya kazi au haifanyi? Sikuwahi kuuliza ni nani ataweza kuigombeza ikikosea.

Niseme pia nimeyaona haya kwa karibu. Baada ya kupata uraia niliomba kuwa karani wa kituo, na Novemba 22, 2023 (ndiyo, tarehe ileile ya 2006) nilikuwa kwenye ukumbi wa shule tangu kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Vyama 26. Karatasi ya kura ukiikunjua ni kama unatandika leso. Mpiga kura anaingia nyuma ya kibanda, anatia rangi nyekundu kiduara kimoja kando ya jina, anaikunja na kuikunja tena, halafu anaisukumiza ndani ya pipa kubwa la magurudumu, lile lile ambalo nyumbani tunatilia taka. (Letu lilikuwa jipya, msiwe na wasiwasi.)

Saa tatu usiku upigaji ukaisha. Milango haikufungwa, kwa sababu sheria inamruhusu mwananchi yeyote abaki atazame hesabu. Aliyebaki ni kijana mmoja, koti hakulivua, akaketi kwenye kiti cha watoto magoti yakiwa yamemfikia kidevuni. Tukamwaga kura mezani. Tukatenga kwa vyama, kisha tukaanza majina. Kadi za mwito tulizopokea kwa wapiga kura zilikuwa 842. Kura zilikuwa 841.

Mhariri, hujui uchovu kama hujatafuta karatasi moja saa tano na nusu usiku. Tulihesabu tena. Tukatazama chini ya meza, ndani ya pipa, nyuma ya kibanda. Mwenyekiti wa kituo, mama wa makamo mwenye sauti ya ukali, akasema tutaandika tofauti hiyo kwenye fomu na sababu yake kama tunaijua. Yule kijana akainua mkono kama mwanafunzi, akauliza kama rundo la chama kimoja limehesabiwa na mtu mmoja au wawili. Mmoja. Likarudiwa na wawili. Kura iliyopotea ilikuwa imemezwa na mkunjo wa mwenzake. Ikawa 842, na jina la mgombea aliyeikosa likaongezewa kura yake. Kijana hakuwa mtaalamu wa chochote, alikuwa na macho tu na nafasi ya kuuliza.

Haya mambo yasingebaki kwenye kura, na hapa ndipo nimemfuata Gonggrijp mpaka mahali ambapo sijui kama mwenyewe alikwenda. Kulikuwa na mfumo wa serikali ulioitwa SyRI, uliochanganya taarifa za watu kutoka idara mbalimbali, kuanzia kodi na posho hadi makazi na madeni, kisha ukatoa alama ya nani anashukiwa kuidanganya serikali. Ulielekezwa kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini, ikiwemo ya kusini mwa Rotterdam, upande wetu huku ambako kila ghorofa lina harufu ya pilau ya nchi tofauti. Serikali haikutaka kueleza mfumo unapimaje. Tarehe 5 Februari 2020 mahakama ya The Hague ikasema sheria iliyouruhusu inakiuka haki ya faragha iliyo katika Mkataba wa Haki za Binadamu wa Ulaya, na moja ya sababu ni kwamba hakuna awezaye kuukagua. Nilipoisoma hukumu hiyo niliisikia mashine ya Groenlo ikicheza sataranji.

Kisha yakaja ya posho za malezi ya watoto. Wazazi kwa makumi ya maelfu waliitwa matapeli na mamlaka ya kodi, wakadaiwa warudishe fedha wasizokuwa nazo. Uraia wa mtu ulitumika kama dalili ya hatari. Waliodai kuonyeshwa majalada yao, baadhi walipewa kurasa zilizopakwa wino mweusi juu hadi chini. Januari 15, 2021 serikali nzima ya Waziri Mkuu Mark Rutte ikajiuzulu. Wino ule mweusi haukutoka kwenye kompyuta, ulipakwa na watu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo ni mashine. Afisa akitaka kujificha atajificha nyuma ya programu, nyuma ya wino, nyuma ya "mfumo uko chini, mama, rudi kesho". Programu inampa tu mahali pazuri zaidi pa kujificha.

Na sisi wa Kenya hatuhitaji kufundishwa hili kwa Kiholanzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza Tume ya Uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe, Tume haikutii ipasavyo, na Septemba 1 uchaguzi wa rais ukafutwa. Mwaka 2022 Tume ikaweka fomu 34A, zenye matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, kila mwenye simu azione. Nakumbuka mpwa wangu kule Likoni akijumlisha mwenyewe usiku kucha, akinitumia jumla kila baada ya saa moja kama ripoti ya mpira. Hiyo nayo ni teknolojia, na sidhani Gonggrijp angeipinga, kwa sababu fomu ya karatasi ilikuwepo na mpwa wangu aliiona.

Lakini nisiwapambie penseli mpaka mkadhani haina ubaya. Siku ileile ya Novemba, mchana, aliingia bibi mmoja asiyeona, ameshikwa mkono na binti yake. Sheria inamruhusu asaidiwe ndani ya kibanda. Nikawapa karatasi ile pana, wakaingia wote wawili, nikasikia binti akimsomea majina kwa sauti ya chini, muda mrefu. Mashine yenye sauti na vitufe ingemwezesha bibi huyu kupiga kura peke yake, na siri ikabaki yake. Walipotoka alitaka kuisukumiza kura pipani mwenyewe, nikamwongoza mkono hadi kwenye tundu. Akacheka, akaniambia kwamba binti yake hakipendi hata kidogo chama chake, na kwamba yeye hana njia ya kujua rangi imetiwa wapi.

Binti akasema, "Mama, twende."

Msomaji wenu,
Rotterdam