Ukirithi Ghorofa la Zamani Mjini Mwanza, Anza na Hati

Msomaji mmoja wa Nyakato ameniandikia kwamba yeye na nduguze wamerithi ghorofa la zamani katikati ya jiji letu, nao wanataka kuligeuza kuwa makazi ya kifahari ya kuuza. Ameniuliza ni vigae gani vinavyopendwa siku hizi. Ndugu yangu, vigae vitasubiri, shughulikia hati.

Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu jengo tulilolikarabati sisi limeuza sehemu yake ya mwisho mwezi uliopita, na kila mnunuzi aliomba hati kabla ya kutazama jiko. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inamwezesha mtu kumiliki sehemu yake kwa hati yake mwenyewe, huku ngazi, paa na kiwanja vikibaki mali ya wote. Lakini mnyororo wa umiliki wa majengo yale una historia ndefu: mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye mengi yakawa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Fuatilieni kila uhamisho tangu mwanzo, na mirathi ya mzee wenu ikamilike mahakamani kabla fundi hajagusa ukuta.

Afisa wa benki moja aliniambia, mbele ya mke wangu, kwamba mtu wa Kanda ya Ziwa hanunui nyumba isiyo na uwanja. Neno lile linaniuma hadi leo. Wanunuzi wetu wametoka Geita kwenye dhahabu, wametoka kwenye biashara ya sangara, na wengine ni vijana wetu walio ughaibuni. Wote walitaka kuliona ziwa kutoka barazani.

Baraza hilo lilinusurika kwa sababu nilikataa kulibomoa, pamoja na milango yake ya mvule. Tunabomoa mno, ndugu zangu, tukidhani ufahari ni vioo. Mwiteni mhandisi abandue lipu na kuukagua msingi, kwani sifa ya Mwanza kuwa mji wa miamba haithibitishi kwamba nyumba yenu imekaa juu ya mwamba. Ukuta wa mawe na chokaa ukipakwa lipu ya saruji hufungia unyevu ndani, kwa hiyo tumieni chokaa. Mabomba ya majitaka yaliyotosha familia mbili hayatabeba mabafu ya familia kumi, na ziwa liko karibu mno kwa uzembe wa namna hiyo.

Kuhusu lifti, jenereta, mlinzi na paa, pangeni mchango wa kila mwenye sehemu na kuuandika katika kanuni za umoja wa wamiliki kabla mnunuzi wa kwanza hajalipa, maana akishaingia mmoja kwa masharti yake mwenyewe, waliobaki watadai masharti hayohayo.