Maswali na Majibu: Kanda za Baba Zitaingiaje Kwenye Kompyuta?

Wiki hii karibu maswali yote yaliyonifikia ni ya kanda za video, na yametoka pande zote za Tanga, tangu Chumbageni hadi Pangani. Nimeyapa nafasi yote, kwa sababu kanda hizo zina sauti za watu ambao hatutawasikia tena, na mashine za kuzichezea zinakwisha. Mtengenezaji wa mwisho wa deki za VHS, Funai ya Japani, aliacha kuzitengeneza mwaka 2016. Deki iliyomo sebuleni kwako ikifa, inayofuata ni ya kutafuta kwa watu.

Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia kamera ya video na kanda 11 ndogo za MiniDV. Kamera inawaka na kanda zinacheza kwenye kioo chake. Lakini nikichomeka waya wa USB kwenye laptop naona picha nne tu za mnato, video hamna. Zimefutika? (Binti wa Chumbageni)

Marahaba binti yangu, Mungu amrehemu baba. Hakuna kilichofutika. Kamera nyingi za aina hiyo zina njia mbili za kutolea mambo. Tundu la USB mara nyingi limewekwa kwa ajili ya picha za mnato zilizomo kwenye kadi ya kumbukumbu, na hizo nne ndizo unazoziona. Video imo kwenye utepe, na njia yake ni tundu jingine dogo lililoandikwa DV, au i.LINK kama kamera ni ya Sony. Jina la jumla la njia hiyo ni FireWire.

Laptop za sasa hazina tundu hilo. Tafuta laptop ya miaka ya 2000, ambazo nyingi zilikuwa nalo ubavuni likiwa na alama 1394, au kompyuta ya mezani iliyofungiwa kadi ya FireWire. Usinunue ule waya wa bei rahisi wenye USB upande mmoja na FireWire upande wa pili. Pini zinaingia, lakini video haipiti, kwa kuwa vitu hivyo viwili havizungumzi lugha moja.

Zima kamera kabla ya kuchomeka, tumia umeme wa ukutani badala ya betri, kisha fungua programu ya kupokea. WinDV ni ndogo, ya bure na inatosha. Peleka kanda mbele hadi mwisho, irudishe mwanzo, ndipo ubonyeze kucheza. Utepe uliokaa miaka umejikaza, na safari hiyo ya kwenda na kurudi huulegeza.

Jipe muda. Kanda ya saa moja inachukua saa moja kuingia, hakuna mkato. Kila saa inakula GB 13 hivi, kwa hiyo kanda zako 11 zikiwa za dakika 60 zitahitaji diski yenye nafasi ya GB 150. Faida yake ni kwamba kinachoingia ni kilekile baba alichorekodi, hakipungui kitu. Ukikosa kabisa FireWire, tumia kidude cha USB cha kunasia video, kama kile cha swali linalofuata, ukiunge na kamera. Ubora utashuka kidogo, lakini sauti ya baba utaipata.

Nina kanda za VHS za harusi yetu ya 1993 pale Ngamiani. Nimenunua kidude cha USB cha kunasia video, nimeunga na deki. Picha inakuja nyeusi na nyeupe, inaruka, na sauti iko spika ya kushoto tu. (Mama wa Barabara ya 12)

Dada yangu, deki yako ni nzima. Ingia kwenye mipangilio ya programu unayorekodia, pale palipoandikwa NTSC weka PAL, ambao ndio uliokuwa mfumo wa video wa Tanzania, na ukubwa uwe 720 kwa 576. Rangi zitarudi. Ila kama kanda ililetwa na ndugu kutoka Marekani au Japani, hiyo ndiyo ya NTSC.

Sauti ya upande mmoja ni kwa sababu deki nyingi za nyumbani zilitoa sauti moja tu. Pini ya njano ni picha, nyeupe ni sauti, nyekundu haina pa kwenda. Ukitumia OBS Studio, programu ya bure ya kurekodia, weka alama kwenye mono ndani ya mipangilio ya sauti, na spika zote mbili zitalia.

Kanda zetu zilikaa kabatini nyumba ya ufukweni Pangani. Ukichungulia dirisha la kanda unaona kama unga mweupe umeganda kwenye utepe. Nizipitishe haraka kabla hazijaharibika zaidi? (Kijana wa Pangani)

Hapana, mwanangu. Nakuomba usiitie hata moja kwenye mashine. Huo ni ukungu, na unyevu wa pwani yetu ndio unaoulea. Nilifanya kosa hilo mwenyewe: niliingiza kanda yenye ukungu, ukahamia kwenye vichwa vya deki, na kanda safi iliyofuata ikanasa na kutafunwa. Ilikuwa nikahi ya dada yangu. Mpaka leo sehemu ya kaka akimkabidhi haipo, na hakukuwa na nakala.

Zitenge na kanda nyingine. Zitie ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uviweke vingi. Ziache wiki kadhaa zikauke mahali penye ubaridi. Usizianike juani, maana joto linapinda utepe. Zikishakauka, mpe fundi anayejua kufungua kasha na kupangusa utepe taratibu, nje ya nyumba, akiwa amejifunga barakoa. Kama ni kanda zile ndogo, mwulize kwanza kama amewahi kuzifungua. Akisitasita, ondoka nazo.

Faili la maulidi limekataa kuingia kwenye flashi, na flashi ina GB 32 tupu. (Muheza)

Flashi imepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili lililofika GB 4. Hamisha vilivyomo, uifomati kwa exFAT.

Nikirekodi kioo cha TV kwa simu si inatosha? (Raskazone)

Kwa kumtumia shangazi kipande kwenye WhatsApp, inatosha. Kwa kuhifadhi, hapana. Utapata mistari inayotembea na kelele za chumbani juu ya sauti za watu. Lakini kama deki imeanza kusuasua na huna kifaa kingine leo, rekodi hivyohivyo.

Mjukuu amenihamishia kanda zote, sasa anataka kuzitupa. Namzuia bila sababu? (Babu wa Pongwe)

Shikamoo babu. Unamzuia kwa haki. Diski hufa bila kuaga, na kanda ndiyo asili. Avunje kile kidude cha kuzuia kurekodi juu yake (kwenye zile ndogo anakisogeza tu), azisimamishe kama vitabu ndani ya boksi kavu, na nakala ziwe mbili: diski moja kwako, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine.

Kisha mkae naye mbele ya kompyuta, umtajie kila uso: huyu ni nani, mtoto wa nani, na nyumba ile nyuma yao ilikuwa ya nani. Ayaandike majina kwenye daftari, na dakika kanda ilipofika kila mmoja anapotokea. Muanze na kanda ya zamani kuliko zote.