Mama wa wiki ya 7 asiyelala hata mtoto akilala: jibu kwa mleta mada

Mkuu, kwa faida ya watakaosoma baadaye, ulichoeleza ni hiki: mkeo amejifungua mtoto wa kwanza, sasa yuko wiki ya 7. Analia bila sababu unayoiona, anawaka kwa jambo dogo, usiku amekodoa macho hata mtoto akiwa amelala fofofo, na juzi kasema "huyu mtoto angepata mama mwingine angekuwa na nafuu". Mama yako anasema ni deko, jirani anataka apelekwe kwenye maombi. Wewe unauliza kama ni uchovu tu, na kama dawa zitaharibu maziwa.

Anza na usingizi. Mama aliyechoka ukimpokea mtoto anasinzia kabla hujafika mlangoni. Mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka) au wasiwasi wa baada ya kujifungua anapewa nafasi, mtoto yuko kwa mtu anayemwamini, na bado usingizi hauji. Yuko macho anasikilizia mtoto anavyopumua chumba cha pili. Ukiona hivyo usiku mbili tatu mfululizo, acha kuita uchovu.

Halafu tazama kalenda. Machozi ya siku za mwanzo huwapata akina mama wengi sana. Yanaanza karibu na siku ya 3, na ndani ya wiki 2 yamekwisha yenyewe. Mkeo ameshapita huko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu akina mama 13 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwa nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Kwa hiyo wale wanaoandika humu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu wapumzike kidogo. Na zingatia arobaini. Mpaka siku ya 40 kuna mtu wa kumkanda, wa kupika uji na mtori, wa kufua nepi. Baada ya hapo bibi anarudi kwake na kazi zote zinamwangukia mtu mmoja ambaye bado anaamka mara nne usiku. Wengi huzidiwa hapo, ingawa ukiuliza vizuri unakuta dalili zilianza tangu ujauzito.

Kliniki wana njia ya kupima. Kipo kipimo cha Edinburgh, kimetumika tangu 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila swali alama 0 mpaka 3, jumla 30. Alama 13 kwenda juu zinaashiria sonona, na vituo vingi huanza kufuatilia kuanzia 10. Vingine vinatumia dodoso la maswali 9. Yote mawili yanaharibika kwa sababu moja: mama anaulizwa mbele ya watu. Akiwa na mama mkwe pembeni atajibu "sijambo, namshukuru Mungu" kwa kila swali, na karatasi itaonyesha mzima. Mwombe muuguzi amwone peke yake, na wewe utoke pia. Tena huenda asiseme "nina huzuni" kabisa. Atasema kichwa, mgongo, moyo unakwenda mbio, maziwa hayatoki, au atamleta mtoto kila wiki akidai anaumwa wakati uzito unapanda vizuri. Wauguzi wenye uzoefu wanamtambua mapema huyo wa mtoto mzima anayeletwa kila wiki. Mnakwenda kwenye chanjo wiki ya 10 na ya 14, ila msisubiri tarehe. Nendeni wiki hii.

Wakati mnajipanga, tengeneza usiku, na hili ni lako wewe. Lengo ni mama apate saa 5 za mfululizo, si vipande vya dakika arobaini. Anyonyeshe saa tatu usiku, kisha aende chumba kingine, simu ibaki nje. Mtoto akiamka karibu na saa sita unampa maziwa yaliyokamuliwa. Umri huo mililita 60 mpaka 120 kwa mlo humtosha. Mama anarudi zamu saa nane au saa tisa. Maziwa akamue asubuhi, ambapo matiti huwa yamejaa zaidi, kidogo kidogo kwa mara mbili tatu. Kwenye friji yanakaa siku 4. Nje, kwa joto la Dar au Tanga, yasikae mpaka kutimiza muda wa saa 4. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, usiyabandike jikoni, na mpe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, mtoto akiwa ameketishwa. Matiti yakimjaa mpaka yakauma, aamke akamue kidogo arudi kulala, maana yakiachwa hivyo huziba na kuvimba.

Mpango huu hufa kwa njia zinazofanana nyumba hadi nyumba. Baba anampelekea mama mtoto kwenye kilio cha kwanza. Bibi anaamua maziwa hayatoshi, anampa mtoto maji au uji mwepesi, asubuhi mama anajiona ameshindwa hata hilo. Wageni wanakaa mpaka saa tano. Baba kwa sheria ya ajira ya Tanzania ana likizo ya siku 3 tu, najua una kazi asubuhi, kwa hiyo usiku mwingine apewe dada au shangazi. Ila uandikwe nani ana zamu lini. "Tutasaidiana" haijawahi kumlaza mama yeyote.

Sasa ile kauli ya mama mwingine. Usiipite. Kumuuliza kuhusu kujiua hakumpi wazo hilo. Mara nyingi humtua mzigo. Muulize mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida: "Kuna wakati unaona bora usingekuwepo?" Akikubali, endelea: "Umewaza kujiua? Umewaza utafanyaje?" Akiwa na njia aliyoifikiria, asiachwe peke yake hata kuoga, sumu ya panya, dawa za mifugo na vidonge vitoke ndani ya nyumba, na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna mawili hapa watu huyachanganya, na kuyachanganya kuna madhara. La kwanza ni mawazo yanayomvamia: anaona picha mtoto akimponyoka kwenye ngazi, au kisu kikimdhuru. Anaogopa sana, anaficha visu, anakataa kumwogesha mtoto. Huyo anashtushwa na mawazo yake na anajitahidi kumlinda mtoto. Ukimnyang'anya mtoto unamthibitishia kwamba ni hatari. Anahitaji matibabu, na abaki karibu na mtoto wake. La pili ni kuchanganyikiwa baada ya uzazi, ambako kunampata mama 1 au 2 katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki 2 za kwanza. Huyo halali na wala haoni haja ya kulala, anaongea mfululizo au ananyamaza ghafla, anasikia sauti, anaamini mtoto kabadilishwa au kuna watu wanataka kumdhuru, na yeye haoni ajabu yoyote. Hii ni dharura kama kutokwa damu. Mtoto asiachwe naye peke yake, na mama apelekwe hospitali yenye huduma ya akili siku hiyo. Maombi yaendelee wodini, hakuna anayekataza. Kilichowagharimu wengi ni siku tatu za kufungiwa ndani kwanza.

Kabla ya dawa ya sonona mwombe daktari apime wingi wa damu, hasa kama alitoka damu nyingi wakati wa kujifungua. Upungufu wa damu peke yake unaleta uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Vidonge vya madini ya chuma asivimeze na chai. Chai inazuia madini yasifyonzwe, apishanishe angalau saa 1 au 2. Kama anakonda ghafla, anatetemeka na kutoka jasho, ipimwe pia tezi ya shingoni, maana huweza kuvurugika baada ya uzazi.

Kuhusu dawa na maziwa: dawa inayopendelewa kwa anayenyonyesha ni sertralini, kwa sababu inayofika kwenye maziwa ni kidogo mno. Mara nyingi huanzishwa miligramu 25 au 50 kwa siku. Hospitali nyingi za serikali utakuta fluoksetini au amitriptilini. Fluoksetini huingia zaidi kwenye maziwa, lakini daktari anaweza kuitumia huku mtoto akiangaliwa kama anasinzia kupita kiasi au ananyonya vibaya. Siku za mwanzo mama anaweza kupata kichefuchefu, kichwa, au wasiwasi kuongezeka kidogo. Nafuu huanza wiki ya 2 mpaka ya 4, na hapo katikati ndipo wengi wanaacha wakisema dawa haifanyi kazi. Wengine wanaacha wakishapata nafuu, inarudi. Huendelezwa angalau miezi 6 baada ya kupona, kisha hupunguzwa taratibu kwa maelekezo. Kama aliwahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, halali, anatapanya pesa, mwambie daktari mapema, kwani dawa ya sonona peke yake inaweza kumrudisha kwenye hali hiyo. Na tafadhali usinunue diazepamu ya kumlaza kutoka duka la dawa. Hiyo hujikusanya kwa mtoto anayenyonya, akalegea.

Sonona isiyo kali huweza kutibika kwa mazungumzo tu, na si lazima awe bingwa. Vijijini Pakistan, wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa kuwatembelea mama wenye sonona na kuwashauri. Matokeo yalichapishwa 2008: baada ya miezi 6 waliobaki na sonona walikuwa 23 kwa 100, dhidi ya 53 kwa wale waliotembelewa bila ushauri huo. Walichofanya ni cha kawaida: kuchukua wazo moja baya kwa wakati, kulipima, kisha kupanga jambo dogo la kufanya kesho. Nyumbani anza na kuoga kabla ya saa nne asubuhi, na kutembea nje dakika 15 mtoto akiwa mgongoni.

Umesema ameajiriwa kampuni binafsi. Likizo ya uzazi ni siku 84; kama aliianza siku ya kujifungua, zimebaki kama 35. Asirudi kazini akiwa hivi. Daktari anaweza kumwandikia mapumziko, na sheria inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Akirudi ana saa 2 kila siku za kunyonyesha. Cheti cha daktari kipelekwe kwa maandishi kabla likizo haijaisha, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.