Pini za piano zinalia? Weka hilo kopo chini

Wewe uliyeuliza kuhusu uzi uliokatika, kibonye kinachokwama na pini za piano (zile uzi huzungushiwa ili ukazwe) zinazolia "krrr" ukizizungusha, ukamalizia kwamba umeshanunua mafuta ya kupuliza ya kutoa kutu: weka hilo kopo chini. Nenda uliweke, nakungoja.

Mimi nilipuliza. Piano ya kanisa letu hapa Kayole ilikuwa imeshuka karibu nusu toni, Krismasi imebaki wiki mbili, na kila pini ikilia kama mlango wa matatu kuukuu. Nikampigia jamaa mmoja wa mjini, fundi wa magitaa, anayejiita daktari wa chochote chenye nyuzi. "Boss, hiyo ni kutu tu. Piga mafuta, zitalainika." Zililainika kweli! Tukituni Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi kwaya inaimba kwingine na piano iko kwingine. Daktari naye hashiki simu.

Pini ya piano si bolti ya gari, haina nati nyuma. Imegongwa ndani ya ubao mgumu wa tabaka tabaka, na msuguano wa ule ubao ndio peke yake unaoizuia isirudi. Uzi mmoja unavuta kama kilo 70, na nyuzi ni kama 230. Piga hesabu mwenyewe. Mafuta yakishanyonywa na mbao hayatoki. Nilijaribu ile gundi nyepesi kama maji inayotumiwa kukaza pini zilizolegea, ikakataa kushika, mbao imelowa. Fundi wa kweli alipokuja alizungusha pini tatu, akafunga mkoba wake. Kurekebisha ubao kungekula pesa kuliko piano yenyewe. Krismasi tuliimba na kinanda cha kukodi, na aliyelipa kodi unamjua. Mzee wa kanisa mpaka leo akinipa mkono ananusa kwanza.

Na hizo pini zako zinalia kwa sababu zinashika! Iliyolegea hainung'uniki. Legeza kidogo kwanza, usikie "tak", kutu iachie uzi usije ukakatika tena, ndipo upande polepole kuelekea sauti yake sahihi, ile inayopimwa kwa noti A ya 440 (mitetemo kwa sekunde). Legeza kabla ya kukaza, kila pini, hata ukiwa na haraka. Hasa ukiwa na haraka.

Kibonye? Sijui, chungulia pembeni, huenda ni sarafu ya sadaka imedumbukia. Lakini usipulize kitu hata huko.