Majina yanatofautiana kwenye vyeti: nianzie wapi kabla ya viza ya Uingereza?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza, masomo yanaanza Septemba. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mariamu Juma Ng'wandu. Cheti cha kidato cha nne ni Mariam J. Ngwandu, na shahada yangu ya kwanza ikafuata hivyo hivyo. NIDA wana Mariam Juma Shabani. Shabani ni jina la babu. Pasipoti bado sina, na ada atalipa baba. Nimeambiwa kiapo kimoja cha wakili kinamaliza yote. Ni kweli? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Hakimalizi yote, dada. Hapo una matatizo mawili. Mariamu na Mariam, Ng'wandu na Ngwandu, "J." badala ya Juma: hizo ni tofauti za uandishi wa jina lile lile, na kiapo kinazitosha. Lakini Ngwandu na Shabani ni majina mawili. Kiapo hueleza tu kwamba mtu ni yule yule, hakibadilishi jina. Ofisi ikiona jina zima limebadilika, tegemea kudaiwa hati ya kubadili jina, ile mawakili tunayoiita deed poll, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Isiyo na muhuri wa usajili itarudishwa dirishani.

Kwanza amua jina moja la kufuatwa na mengine. Kwako ni Mariam Juma Ngwandu, kwa sababu vyeti vya shule ndivyo vigumu kuliko vyote kubadilisha, na ndivyo chuo kitakavyovisoma. Cheti cha kuzaliwa kiache kama kilivyo, kiapo kitakifunika. Kinachopaswa kusogea ni NIDA.

Kiapo chenyewe kiandikwe vyeti vikiwa mezani. Kitaje kila jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti husika, namba ya cheti hicho, tarehe ya kuzaliwa, na jina utakalotumia kuanzia sasa. Kosa linaloharibu viapo vingi ni mtu kumtajia karani majina kwa kichwa. Anatoka pale na tahajia ya nne ambayo haiko kwenye cheti chochote. Soma kabla ya kusaini, hata kama foleni ni ndefu.

Ukifika NIDA, kagua na tarehe. Namba yako ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tarehe ikiwa imekosewa, kosa limo ndani ya namba yenyewe, kwa hiyo liseme siku hiyo hiyo unapoomba marekebisho ya jina.

Pasipoti usiiombe kabla NIDA hawajamaliza, kwa kuwa Uhamiaji wanakutambua kwa namba hiyo. Ada ni shilingi 150,000, na 20,000 kati yake hulipwa mwanzoni wakati wa fomu. Ukitoka na Shabani kwenye kitabu, utalipa upya. Ile ritifaa ya Ng'wandu isikusumbue. Mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, inayosomwa na mashine, haina nafasi ya alama hiyo: utaona NGWANDU<<MARIAM<JUMA, na tiketi ya ndege ikatwe hivyo hivyo.

Namba ya pasipoti na jina ndivyo chuo kitakavyoviandika kwenye CAS, yaani uthibitisho wa udahili unaoombea viza. Ukiwapa jina la NIDA la sasa halafu pasipoti ikatoka tofauti, itabidi warekebishe kumbukumbu zao kabla hujaomba, na Agosti ofisi hizo huwa zimeelemewa. Kipimo cha kifua kikuu, ambacho mwombaji kutoka Tanzania anayekwenda zaidi ya miezi sita hufanya kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza, nacho kisubiri pasipoti mpya. Cheti chake hudumu miezi sita, kwa hiyo hukosi kitu kwa kusubiri.

Sasa baba, ambaye wengi humsahau. Fedha za mzazi zinakubalika, ila zinataka cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa, na jina la baba kwenye cheti lilingane na la benki. Kama cheti kinasema Juma Ng'wandu na benki inasema Juma Shabani, naye anahitaji kiapo chake. Mimi ningependelea akuhamishie fedha kwenye akaunti yako. Zikae siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja (makato ya benki yamewaangusha watu hapa, acha ziada kidogo), na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya kutuma maombi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya masomo. Majibu kwa kawaida ni wiki tatu.

Kiapo na deed poll mwombe wakili aviandike kwa Kiingereza. Vikiwa vya Kiswahili, kila kimoja kitahitaji tafsiri yenye tamko la mtafsiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na anwani yake.